Nahau za Kiingereza za viungo vya mwili: unajua kila neno na bado hujaelewa kitu

Bosi katuma meseji kwenye grupu la kazini: "Asha is up to her neck, give her a hand. And keep an eye on the client, I think he's getting cold feet." Hamna neno gumu hapo, hata mtoto wa darasa la tano anajua neck ni shingo, hand ni mkono, eye ni jicho na feet ni miguu. Sasa ipeleke neno kwa neno uone: Asha kafika shingoni, mpe mkono, weka jicho kwa mteja, naona anapata miguu ya baridi. Mtu anaweza kunyanyuka kweli akaenda kumshika Asha mkono kama anampa pole ya msiba, maana kwetu kumpa mtu mkono ni kumsalimia, kumpongeza au kumpa pole. Bosi hakutaka hayo. Kasema kazi zimemzidi Asha, msaidieni, alafu mwangalieni yule mteja kwa karibu mana alishakubali ila saivi anaonekana anataka kuingia mitini.

Ndo maana nahau hizi zinasumbua kuliko misamiati migumu. Ukikutana na neno kama "procrastinate" unajua kabisa hujui, unafungua kamusi. Ukikutana na "you're pulling my leg" hufungui kamusi yoyote, mana unaona umeelewa, alafu unajibu vitu vya ajabu. Maana yake ni unanitania, unanipiga kamba kimasihara. Sio unanikwamisha. Wengi tunakimbilia kwenye kukwamisha kwa sababu kwetu mtu anayevuta miguu ni anayesuasua, anayejikokota, na Kiingereza nacho hiyo wanayo ila kwa kitenzi kingine, "drag your feet". Yani mguu mmoja wa mwenzio ukiuvuta unamtania, miguu yako mwenyewe ukiiburuta unachelewesha kazi, na hamna mahali popote hizo mbili zinakutana.

Sasa habari nzuri ni kwamba nyingi tayari unazo. Kumgeuzia mtu mgongo ni "turn your back on someone", bega kwa bega ni "shoulder to shoulder", ulimi kuteleza ni "a slip of the tongue", kurudi mikono mitupu ni "come back empty-handed", na kufumbia macho uovu ni "turn a blind eye". Zingine zimefanana kwa sababu mwili ni uleule, ukiogopa vinyweleo vinasimama uwe Mbagala uwe Manchester. Ila zingine zimefanana kwa sababu sisi na wao tumechota kisima kimoja, Biblia. Pilato ananawa mikono kwenye Mathayo 27:24, basi Mwingereza akijitoa kwenye jambo anasema "I wash my hands of it" na sisi tunasema nimenawa mikono. Watu wenye shingo ngumu wa kwenye Kutoka 32:9 ndo hao hao "stiff-necked" (ila "shingo upande" ni yetu wenyewe, ukimwambia Mwingereza ulienda harusini na shingo upande atadhani ulilala vibaya). Na ile "the apple of my eye" ambayo watu wanaitafsiri tofaa la jicho langu, wee, tofaa la nini, ni mboni ya jicho tu, ile ile ya Kumbukumbu la Torati 32:10 na Zaburi 17:8. Waingereza wa zamani waliiita mboni kwa jina la hilo tunda kwa sababu walidhani ni kitu cha duara kigumu kimekaa katikati ya jicho. Kwahiyo mtu akikuambia mwanae ni apple ya jicho lake, anasema kitu ambacho bibi yako anakisema kila siku.

Ya Ayubu ndo inachekesha zaidi. Ayubu 19:20 anasema ameokoka na ngozi ya meno yake, na Waingereza wameibeba hivyohivyo tangu Biblia ya Geneva ya mwaka 1560, "by the skin of my teeth". Meno hayana ngozi, kila mtu anajua, na hapo ndo utamu wake, umeponea kwa kitu chembamba mpaka hakipo. Sisi tuna chupuchupu na inatosha kabisa. Mwanafunzi kafaulu kwa maksi moja, "he passed by the skin of his teeth", kapita chupuchupu.

Halafu kuna uti wa mgongo. Kila aliyesoma Tanzania kashaandika insha ya kilimo ni uti wa mgongo wa taifa, na Kiingereza ni hivyo hivyo, "the backbone of the economy". Mpaka hapo mko pamoja. Ila Kiingereza hawaishii hapo, wanautumia kwa mtu pia: "he has no backbone", au kwa neno moja "spineless", mtu mwoga asiyeweza kusimamia alichosema. Jaribu kumwambia mtu kwa Kiswahili kwamba hana uti wa mgongo, atakuuliza umesikia anaumwa nini.

Hapo ndo tunaingia kwenye mapacha wa uongo, nahau mbili zinazotumia kiungo kilekile na karibu picha ileile, ila moja inaenda kaskazini nyingine kusini. Chukua sikio. Kwetu kumng'ata mtu sikio ni kumpenyezea siri. Kiingereza ukisema mtu "chewed my ear off" umesema amekuongelesha mpaka umechoka, na "bend someone's ear" ni hukohuko, kumganda mtu na maneno yako. Ukitaka ile ya kung'ata sikio ya kwetu, wao wanasema "a word in your ear". Chukua tumbo. Mtu akiwa tumbo joto anasubiri matokeo, ana wasiwasi, hajui kama kapita au kafeli. Mwingereza akisema mchezaji fulani "has fire in his belly" anamsifia, ana ari, ana njaa ya ushindi. Tumbo lina moto kote kote, ila huyu anahangaika na yule anapambana! Tumbo joto letu kwao ni vipepeo, "butterflies in my stomach", na hao vipepeo ni wa woga kwanza, ingawa nyimbo za mapenzi zimewahamishia kwenye kupenda.

Roho nayo. Ukisema ulikaa roho mkononi mpaka ndege ikatua, ulikuwa na hofu. Mwingereza "with her heart on her sleeve", moyo kwenye mkono wa shati, pale pale karibu na mkono wako, ni mtu asiyeficha hisia zake, akipenda unaona, akinuna unaona. Hiyo imesambazwa na Shakespeare, mhusika wake Iago ndo anaitamka mwanzoni kabisa mwa tamthilia ya Othello. Hofu yao wanaiweka mdomoni, "my heart was in my mouth". Na macho: mkavu wa macho kwetu ni asiye na haya, ila "there wasn't a dry eye in the house" ni kwamba watu wote ukumbini walilia, na aliyebaki "dry-eyed" hajafanya kosa lolote, hajalia tu. Kichwa ndo kinaleta aibu zaidi kwenye intavyuu, mana mtaani tukisema huyu dogo ni kichwa tunamaanisha ana akili, mtu akaenda kusema "I have a big head" akidhani anajisifia kumbe katangaza kwamba ana majivuno. Ile ya kwetu inayokaribia hapo ni kumpa mtu kichwa, unamsifia mpaka anavimba.

Kwanini lakini viungo hivi na sio vingine, kwanini bandama iwe na hasira? Hapa inabidi turudi kwa madaktari wa zamani, Hippocrates wa Ugiriki karne ya 5 kabla ya Kristo na Galen karne ya 2 baada ya Kristo. Tiba yao ilisema mwili unaendeshwa na majimaji manne, damu, kohozi, nyongo ya njano na nyongo nyeusi, na tabia ya mtu inategemea kipi kimezidi. Ilifundishwa Ulaya karne na karne, kitabu cha Ibn Sina, tabibu mkubwa wa Kiislamu, kikiwa mle mle, na kwa njia ya Kiarabu ikafika hadi kwa waganga wa Pwani yetu. Tiba yenyewe imeshatupwa ila lugha ilibaki nayo. Mwingereza akimwaga hasira zake "vents his spleen", anatoa bandama lake hewani. Mwoga ni "lily-livered", mwenye ini jeupe kama yungiyungi, kwa sababu ini ndo lilihesabiwa makao ya ujasiri na ini lisilo na damu ni la mwoga. Mtu mwenye ujasiri wa kipuuzi, kakukopa hajalipa alafu anakuja kukopa tena, "he had the gall to ask", kawa na nyongo ya kuomba. Sisi nyongo yetu inaharibu mambo, mambo yametumbukia nyongo, na maini yetu yanakatwa, habari ile ilinikata maini. Viungo vilevile, ila kila lugha ilijigawia kazi zake. Kwenye moyo tu ndo tumekubaliana vizuri, mana neno lenyewe "courage" limetoka kwenye "cor" ya Kilatini, moyo, kupitia Kifaransa, kwahiyo "encourage" ukiichambua mpaka chini ni kumtia mtu moyo kabisa kama sisi. Ila angalia "learn by heart", huko hamna mapenzi wala hiari, ni kukariri, kukremu.

Kitu kingine ambacho hawatuambii shuleni: viungo vingine kwenye nahau hizi wala sio vya mtu, ni vya farasi. Waingereza na mbio za farasi ni damu damu, na lugha imejaa. Wagombea wakiwa "neck and neck" shingo ni za farasi wawili wanaokimbia sambamba, na aliyeshinda "by a nose" kapita kwa urefu wa pua ya farasi. Timu ikishinda "hands down" imeshinda kirahisi, mana joki, yule mpanda farasi, aliyeona kashashinda alikuwa anashusha mikono, analegeza hatamu. Mtu "long in the tooth" kazeeka, kwa sababu farasi akizeeka fizi zinarudi nyuma meno yanaonekana marefu, na ndo maana pia ukipewa farasi bure ni ukosefu wa adabu kumfunua mdomo kuhesabu umri, "don't look a gift horse in the mouth". Hata habari ya uhakika inatoka "straight from the horse's mouth". Ukishajua ni farasi, picha inakaa.

Sasa tuongelee hizi stori za asili ya nahau zinazozunguka kwenye klipu na meseji za kuforwadiwa, mana nyingi ni za kutungwa na watu wanazimeza nzimanzima. Maarufu kuliko zote ni ya "rule of thumb". Maana ya nahau haina utata, ni kanuni ya haraka inayotokana na uzoefu, sio ya vipimo vya maabara, kama mama anayepima maji ya wali kwa pingili ya kidole na wali unatoka umeiva. Stori inayosambaa inasema eti ilikuwa sheria ya Uingereza kwamba mume anaruhusiwa kumpiga mkewe kwa fimbo isiyozidi unene wa kidole gumba. Hiyo sheria haipo. Kilichopo ni jaji mmoja, Francis Buller, aliyesemwa kwamba alitamka kitu cha namna hiyo, na mwaka 1782 mchoraji James Gillray akamchora katuni anauza fimbo, akamwita Judge Thumb. Rekodi ya Buller kuyatamka maneno hayo mahakamani haijawahi kuonekana. Majaji wachache wa Marekani karne ya 19 waliitaja hiyo ya unene wa kidole kama desturi ya kale, ila hakuna aliyeiita rule of thumb, na maneno yenyewe yalikuwa yameshachapishwa tangu karne ya 17, miaka mingi kabla ya katuni. Hayo mawili yaliunganishwa karne ya 20, mpaka ripoti ya tume ya haki za kiraia ya Marekani ya mwaka 1982 kuhusu wanawake wanaopigwa ikayaweka kwenye kichwa chake. Kipigo kilikuwa cha kweli, tena kingi, ila nahau haikutoka huko. Mtu kupimia mwili wake sio jambo la ajabu hata kidogo, sisi wenyewe tuna shibiri, dhiraa na pima, na wao futi yao ni mguu mpaka leo.

Nyingine ni "the cold shoulder", kumchunia mtu, kumpa kisogo. Wanasema eti mgeni asiyetakiwa alikuwa anapewa bega la kondoo la kiporo ili aelewe aondoke. Inachekesha, ila kwenye riwaya ya Walter Scott ya mwaka 1816, ambako ndo inaonekana mapema kabisa, bega linaonyeshwa, halipakuliwi. Ni mtu kakugeuzia bega, basi. "An arm and a leg", bei ya kukukata mkono na mguu, nayo imetungiwa stori ya wachoraji wa picha wa karne ya 18 waliokuwa wanachaji kwa idadi ya viungo, wakati nahau yenyewe ni ya Marekani na ni ya karne ya 20.

Ya "turn a blind eye" angalau ina tukio la kweli ndani yake. Horatio Nelson, amirali wa Uingereza, jicho lake la kulia liliharibika vitani Calvi, Corsica, mwaka 1794. Tarehe 2 Aprili 1801 kwenye mapigano ya Copenhagen mkubwa wake, Hyde Parker, akapandisha bendera za kuamuru warudi nyuma, na Nelson, inasimuliwa, akaweka darubini kwenye jicho bovu akasema haoni ishara yoyote, akaendelea kupigana akashinda. Kwahiyo wote wanasema "turn a blind eye" ilizaliwa siku ile. Ila maneno hayo yapo kwenye maandishi ya karne ya 17. Nelson hakuizaa, ila aliipa umaarufu, na mimi kwa kweli simlaumu mtu anayeipenda hii stori.

Tukija kwenye matumizi, kiungo kitakachokutoa jasho ni mkono, kwa sababu ya vile vineno vidogo vinavyokaa mbele yake. Kitu kikiwa "at hand" kiko karibu. Kikiwa "on hand" kipo tayari kutumika. Tatizo likiwa "in hand" linashughulikiwa, likiwa "out of hand" limeshindikana, ila ukikataa ombi "out of hand" umelikataa papo hapo bila hata kulifikiria. Kitu "second-hand" ni mtumba, hiyo tunaijua sana. "Give her a hand" inaweza kuwa msaidie au mpigie makofi, inategemea mko wapi, lakini "give her a big hand" ni makofi tu, na kwa wanaofanya kazi za ma-MC hii muishike. Mkono unaweza kuwa mtu mzima pia, "an old hand" ni mzoefu, na "all hands on deck" ya mabaharia ni kila mtu aje afanye kazi. Mwenye mkono wa birika kwao kakunja ngumi, "tight-fisted". Mwizi wetu ana mkono mrefu, wa kwao vidole vinanata, "sticky fingers", na akifumwa amekamatwa "red-handed", mikono bado myekundu kwa damu, ambayo ni lugha ya sheria ya Scotland tangu karne ya 15, kwetu ndo yule anayekutwa na ngozi.

Na usiziguse maumbo yake. Ni "cold feet", hamna "cold foot" hata kama mtu ana mguu mmoja. Ni "keep an eye on", ukisema "keep eyes on" unaanza kusikika kama askari wa kwenye muvi. Ni "pull my leg", ila Mwingereza akikujibu "pull the other one" anasema umeshauvuta huu, hebu vuta na ule mwingine, yani sikuamini. "Break a leg" unamwambia msanii anayepanda jukwaani kumtakia heri, usimwambie mtu anayeenda kucheza mpira.

Pia angalia unaongea na nani na wa wapi. "Pain in the neck", msumbufu, kero, inapita kati ya wenzio ila sio kwenye imeli ya kumlalamikia mteja. Mtu mwenye mkono wa mimea, akipanda kitu kinaota, Uingereza ana "green fingers", Marekani ana "green thumb". Siri ya aibu ya familia ni "skeleton", mifupa ya maiti, kabatini kote kote, ila kabati ni "cupboard" Uingereza na "closet" Marekani. Kumwambia mtu apunguze munkari Mwingereza anamwambia "keep your hair on", Mmarekani anamwambia "keep your shirt on". Na ile "stiff upper lip", mdomo wa juu usiotetemeka, kujikaza hata mambo yakiwa magumu, inayohesabika kuwa ndo Uingereza yenyewe, maandishi yake ya mapema yanayojulikana ni ya Marekani, mwaka 1815, na Mmarekani wa leo ukimuuliza atakuambia hiyo ni ya Waingereza.